Je, wajua sarafu ya Kirumi ya kuiga hutambuliwaje?

Kwa muda mrefu niliamini jibu ni jepesi: ikwaruze sarafu. Ukikuta madini ya fedha mpaka ndani, ni ya serikali. Ukikuta shaba, ni ya tapeli. Kipimo hicho kinafaa kwa dinari, sarafu za fedha za Warumi wa awali, kwa sababu wahalifu walikuwa wakivika kipande cha shaba ngozi nyembamba ya fedha. Lakini kufikia miaka ya 270 baada ya Kristo kilikuwa hakina maana tena. Serikali yenyewe ilikuwa imeshusha madini ya fedha ndani ya sarafu mpaka chini ya asilimia 5, kilichobaki kikawa shaba iliyong'arishwa juu.

Kosa langu la pili lilitokana na jina. Sarafu za kuiga za wakati huo, zenye kichwa cha mtawala aliyevaa taji la miale, wataalamu walizoea kuziita "za kishenzi". Nikadhani zilipigwa na makabila ya nje ya mipaka ili kuwaibia Warumi. Sivyo. Nyingi zilitengenezwa ndani ya dola, huko Gallia na Britannia (takriban Ufaransa na Uingereza za leo), na watumiaji wake walikuwa wakazi wa huko huko waliokwenda nazo sokoni. Mwaka 274 Kaisari Aurelian alimshinda Tetricus, aliyeitawala Gallia na Britannia kama dola iliyojitenga, kisha akatoa sarafu mpya. Britannia zilifika chache mno. Ukishawahi kupewa pipi dukani badala ya chenji utaelewa kilichofuata: watu walijitengenezea chenji yao. Hazina iliyopatikana Normanby, Lincolnshire, mwaka 1985 ilikuwa na sarafu zaidi ya 47,000, za serikali na za kuiga pamoja, aliyezificha hakuzitenga. Haimaanishi kwamba faida haikuwepo. Aliyeyeyusha sarafu moja nzito akapata mbili nyepesi alibaki na kitu mkononi.

Basi tuangalie nini? Mkono wa mchongaji.

Chukua muhuri wa mpira wa ofisini uusome: maandishi yako kinyume, yanakaa sawa ukishagonga karatasi. Sarafu nayo ilipigwa hivyo, kipande cha madini kikiwekwa kati ya mihuri miwili migumu na kugongwa kwa nyundo. Mchongaji wa serikali alijua kuchonga kinyume. Mwigaji aliweka sarafu halisi mbele yake na mara nyingi akachonga kile alichokiona. Akigonga, kila kitu kinageuka, na mtawala aliyekuwa akitazama kulia sasa anatazama kushoto. Liangalie jina TETRICVS: T, I na V hazibadiliki zikigeuzwa, lakini E, R, C na S zinamsaliti mwigaji papo hapo. (Viwanda vya serikali navyo vilitoa sarafu chache zenye kichwa kinachotazama kushoto, kwa makusudi, kwa hiyo soma herufi kwanza.)

Halafu nakala ilinakiliwa. Fikiria mtu asiyejua kusoma anachora jina la kanga, na mwingine asiyejua kusoma anachora kutoka kwa yule wa kwanza. Baada ya mikono kadhaa maneno yanakuwa vijiti tu, IIIVII. Kwenye sarafu za kumkumbuka marehemu Kaisari Claudius wa Pili, madhabahu ina miraba minne yenye nukta, na moto juu yake. Katika nakala za mbali moto umekuwa pembe mbili, na madhabahu imebaki kisanduku chenye msalaba. Ninazipenda hizo kuliko za serikali, kwa kuwa ndani yake unaona jicho la mtu aliyechora asichokijua.

Ukubwa husaidia pia: za Tetricus halisi hukaribia milimita 18, za kuiga hushuka hata chini ya 10.

Ugumu uko katikati. Wapo waigaji waliokuwa mafundi hodari, na kiwanda cha Roma chenyewe, kwenye miaka ya 268 hadi 270, kilipiga kwa haraka sarafu zilizopinda na herufi zilizokatika. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba wafanyakazi wa kiwanda hicho, wakiongozwa na Felicissimus, walikuwa wakichakachua sarafu, na wakaasi mwaka 271 Aurelian alipowabana. Sarafu waliyoichakachua kwa mihuri halali, ndani ya kuta za serikali, bado sijui niiweke trei ipi, ya halali au ya kuiga.