Mgonjwa mwenye maumivu sugu ya mishipa ya fahamu anapotakiwa kufanyiwa upasuaji

Baadhi ya wagonjwa huvunjika kiwiko au kifundo cha mkono, mfupa ukaunga vizuri, lakini baada ya hogo kuondolewa mkono ukabaki unawaka moto, umevimba, unabadilika rangi na kutoa jasho kuliko ule mwingine, hata shuka likiugusa usiku mgonjwa anashtuka. Hali hiyo, ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi CRPS (kwa Kiingereza complex regional pain syndrome, yaani maumivu changamano ya sehemu moja ya mwili), si ngeni. Daktari Silas Weir Mitchell na wenzake waliieleza mwaka 1864 kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliojeruhiwa kwa risasi, ambao walikuwa wakilowanisha mkono kutwa nzima, na wengine wakimimina maji ndani ya viatu, ili kupoza ule moto.

Wengi wanaofika kliniki wakiwa hivyo huomba wapasuliwe ili tatizo "litolewe". Ombi hilo linaeleweka, ila lina hatari. Katika ugonjwa huu hakuna nyama iliyoota wala uchafu wa kutoa. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vimezoea kupokea mguso wa kawaida kama jeraha, na kisu kinaongeza jeraha jipya juu ya mfumo ambao tayari umechachamaa. Upasuaji wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuuanzisha kwa mtu ambaye hakuwa nao, kuuzidisha kwa aliye nao, au kuurudisha kwa aliyekwisha kupata nafuu. Hata wanaofikia kuomba kiungo kikatwe wanapaswa kujua kwamba maumivu yanaweza kurudi kwenye kigutu, au yakasikika katika mguu ambao haupo tena.

Haina maana kwamba mgonjwa huyu hapasuliwi kamwe. Kidole tumbo kilichopata maambukizi, uzazi uliokwama au mfupa uliotokeza nje havisubiri. Panapokuwepo sababu ya wazi kwenye kiungo hichohicho, kwa mfano mshipa wa fahamu uliobanwa na ukathibitishwa kwa vipimo, upasuaji unaweza kusaidia. Upasuaji unaoweza kungoja ndio unaofaa kuahirishwa hadi uvimbe, joto na maumivu vitulie, na kwa maoni yangu daktari asiyeweza kumweleza mgonjwa ni kitu gani hasa anakwenda kurekebisha hana haja ya kuharakisha.

Mazungumzo na daktari wa usingizi yafanyike siku kadhaa kabla, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mgonjwa aeleze maumivu yalianzaje na upasuaji uliopita ulimwachaje, na aonyeshe dawa zote anazotumia. Amitriptilini, gabapentini na pregabalini, dawa za kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, zisiachwe ghafla kwa uamuzi wa mgonjwa. Lakini daktari lazima azijue, kwa sababu mbili za mwisho zikichanganywa na mofini, dawa kali ya maumivu, zinaweza kupunguza kasi ya kupumua. Inapowezekana, dripu na mkanda wa kupimia presha huwekwa upande usio na ugonjwa, na mpira wa kuzuia damu hufungwa kwa muda mfupi kadiri kazi inavyoruhusu. Mara nyingi ganzi ya eneo hupendekezwa, peke yake au pamoja na nusu kaputi, ili kutuliza maumivu tangu mwanzo. Kwa operesheni nyingine haiwezekani, na hilo litaamuliwa na daktari.

Baada ya upasuaji, kukilaza kiungo bila kukisogeza kwa kuogopa maumivu kunaongeza tatizo, hivyo mazoezi mepesi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia huanza mapema kadiri kidonda kinavyoruhusu. Kuchua kwa nguvu, jambo ambalo ndugu wengi hulifanya kwa nia njema, kusifanyike. Na iwapo maumivu yanazidi kila siku badala ya kupungua, au hogo linabana na vidole vinafa ganzi na kubadilika rangi, mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.