Je, wajua kwa nini bikizee asiyeweza kupanda ngazi anaweza kuitwa "mungu" kwenye igizo la maandishi?

Jioni moja Kibokoni, mtaani kwetu Mombasa, nilimkuta mpwa wangu barazani ameinamia simu, mahamri yamepoa pembeni. Nikachungulia. Kwenye kioo pameandikwa: "((We Zuhura, acha godmodi!))" Nikauliza godmodi ndiyo nini, akanijibu ni "kujifanya mungu mchezoni." Basi nikaanza waadhi. Nikamweleza kwamba mambo ya kujifanya Mungu, hata kwa mzaha, hayafai, na marehemu babu yake angesikia angeumia. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Mjomba, Zuhura ni muuza samaki."

Igizo la maandishi, ambalo vijana huliita RP kwa herufi mbili tu, ni watu wawili au zaidi wanaotunga hadithi kwa kupokezana. Kila mmoja ana mhusika wake. Unaandika aya moja ya anachosema na kufanya mhusika wako, unaituma, unangoja mwenzako aandike yake. Mpwa wangu alikuwa Zuhura. Mwenzake, kijana asiyewahi kuonana naye, alikuwa Kaptaini Mrima, mlanguzi wa pembe. Walikuwa wanapigana juu ya feri ya Likoni, usiku.

Baada ya kuaibika na waadhi wangu, niliingia kwenye kosa la pili, nalo lilinikaa zaidi. Nilidhani godmodi ni kumpa mhusika nguvu kupita kiasi: anapaa, anapenya kuta, hafi. Nikalieleza hivyo kwa kujiamini mbele ya wazee wenzangu wa kahawa, wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilikosea tena, na naona wengi hukosea hapohapo. Mhusika anaweza kuwa jini wa kuinua bahari, na aliyemwandika asiwe na kosa lolote. Na mhusika anaweza kuwa bikizee mwenye ugonjwa wa miguu, mwandishi wake akaandika hivi: "Bibi akamkodolea macho jambazi. Jambazi akaona haya, akarudisha pochi, akaomba msamaha." Hiyo ni godmodi tupu. Jambazi ana mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa kama huyo jambazi ana haya.

Jina ndilo linalopoteza watu. Limeazimwa kutoka michezo ya kompyuta, ambako "modi ya mungu" ni hali ya mchezaji kutodhurika. Katika mchezo wa Doom wa 1993, ukibofya herufi IDDQD risasi zinakupiga na hufi. Huko neno lilikuwa na maana moja nyembamba. Lilipohamia kwenye maandishi likanenepa: likamshika anayekataa kuumia, kisha likamshika pia anayeamua wengine wameumiaje.

Sasa tuitazame sentensi iliyomtia mpwa wangu matatani. Aliandika: "Zuhura akarusha kisu, kikamchoma Kaptaini begani, akapiga yowe na kutumbukia baharini." Hesabu matendo. Kurusha kisu ni kwa Zuhura. Kuchomwa, kupiga yowe na kutumbukia ni mambo ya mwili wa Kaptaini, na mwili huo una mwenyewe. Kwa aya moja Zuhura alifanya jambo moja, na Kaptaini akafanyishwa matatu.

Nilijaribu kwanza kujielewesha kwa mchezo wa dama. Nikasema ni sawa na kusogeza kizibo cha mwenzako. Lakini mfano huo haukufika mbali, kwa sababu kwenye dama nakula kete yako na kuitoa ubaoni kwa mkono wangu, wala hunung'uniki. Kwa nini hunung'uniki? Kwa sababu si mimi niliyeamua. Ubao na kanuni vilishaamua kabla sijainua kidole. Mpira nao ni hivyohivyo: kati ya shuti na goli kuna kipa, kuna mwamba, kuna refa. Daima kuna kitu katikati kinachosema imeingia au haikuingia.

Kwenye maandishi katikati hamna kitu. "Akapiga shuti" na "akafunga goli" huandikwa kwa jasho lilelile. Kujaribu na kufaulu vina bei moja, na nani atanunua kujaribu?

Michezo iliyotangulia haikuwa na shida hii. Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ina dadu, na dadu haina upendeleo. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle, walitengeneza MUD, mchezo wa maandishi matupu ambapo programu ya kompyuta ndiyo inayosema umempiga au umemkosa. Kisha yakaja maongezi ya wazi kama IRC, iliyoundwa na Jarkko Oikarinen wa Finland mwaka 1988. Humo ukiandika unachofanya, kompyuta inakipeleka tu kama kilivyo. Watu wakaigizana humo pia, bila dadu wala mwamuzi. Nafasi ile ya katikati ikabaki wazi, na desturi iliyoiziba ni rahisi: matokeo anayaandika anayepigwa.

Mfano uliokaa vizuri niliupata kwenye vitendawili. Mimi nasema "Kitendawili!", wewe unasema "Tega." Nafungua kinywa changu na kutega, kutegua kitendawili ni kazi yako. Ukishindwa, ni wewe unayekiri, na ni wewe unayenipa mji. Godmodi ni mtu anayesema kwa pumzi moja: "Kitendawili, tega, nyumba yangu haina mlango, yai, umeshindwa, nimechukua Malindi." Hakuna aliyedanganywa, jibu ni sahihi kabisa, na mchezo umekufa.

Kwetu Mombasa hata ugomvi wa mashairi ulikwenda kwa adabu hiyo. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa karne ya 19, alirushiana tungo na malenga wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hii miwili. Aliwachoma alivyojua kuchoma. Lakini kama wamechomeka au la, hilo lilijibiwa na wino wa Lamu.

Baada ya hapo nikajiona mtaalamu, nikamtungia mpwa wangu kanuni ya sarufi. Nikamwambia mwizi ni ile "m" ndogo: "akarusha kisu" ni salama, "akamchoma" ni godmodi, ukiona "m" ya mtendwa, futa. Kanuni yangu iliishi kama robo saa. Akaniuliza, "Na 'akamrushia'? Na 'akamlenga'?" Zote zina "m" na zote ni halali, kwa kuwa kumlenga mtu ni kazi ya anayelenga. Kwa hiyo si kiambishi, ni kitenzi chenyewe: je, kinakamilika mkononi mwangu au mwilini mwako? Bado naona ni jambo la ajabu kidogo kwamba vijana wanaosinzia kwenye somo la sarufi hugombana saa nne za usiku juu ya swali hilihili.

Mipaka haiko sawa kila kundi. Wapo wanaotenga makosa mawili: godmodi ni kukataa kudhurika, na kumwendesha mhusika wa mwenzako wanakuita pawaplei. Wengine huweka yote kapu moja. "Akampita Kaptaini mlangoni" huachiwa na wengi, ingawa wakali husema huenda Kaptaini alitaka kuziba mlango. Na ruhusa hufuta kosa: wawili wakikubaliana kando kwamba kisu kimpate, yeyote anaweza kuandika kimempata.

Hiyo "kando" ndiyo OOC, yaani maneno ya mwandishi mwenyewe, nje ya mhusika. Alama yake ya kawaida ni mabano mawilimawili, kama yale niliyoyaona kwenye simu. Kinyume chake ni IC, ndani ya mhusika. Kosa la kuchanganya ujuzi wa pande hizi mbili lina jina lake, metagemu: mpwa wangu amesoma aya inayosema Kaptaini kaficha bastola kwenye gunia, kisha Zuhura, ambaye hakuwepo, anaanza kulikwepa gunia.

Kuna na Mary Sue, anayefananishwa sana na godmodi bure. Jina hilo lilitoka mwaka 1973 kwa Mmarekani Paula Smith, aliyetunga kihadithi cha kuwacheka mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani: luteni wa miaka kumi na tano na nusu, anayeweza kila kitu na kupendwa na kila mtu. Mary Sue ni kasoro ya mhusika. Godmodi ni kasoro ya sentensi, na mhusika yeyote anaweza kuangukia humo.

Mpwa wangu alifuta aya yake akaandika upya: "Zuhura akarusha kisu, kikavuma kuelekea begani kwa Kaptaini." Akatuma. Tukala mahamri baridi. Isha ikaadhiniwa, tukaswali, tukarudi barazani, bado kimya. Kisha simu ikatetemeka. Kaptaini Mrima alikuwa ameandika kwamba feri iliyumba, akateleza, kisu kikamkosa bega na kuondoka na nusu ya sikio lake la kushoto, na kwamba sasa hasikii honi ya meli inayowajia gizani.

"Sikio!" mpwa wangu akasema. "Mimi hata sikulifikiria."