Uvimbe wa nyuroendokrini wa puru: maswali na majibu

Huu ni uvimbe wa namna gani?

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, ambamo choo hukaa kabla ya kutoka. Katika ukuta wake zimetawanyika seli za nyuroendokrini, ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni za kuongoza shughuli za utumbo, na uvimbe huu hutokea pale seli hizo zinapozaliana bila mpangilio. Mwaka 1907 daktari wa Ujerumani, Siegfried Oberndorfer, aliuita uvimbe wa jamii hii, aliouona katika utumbo mwembamba, kasinoidi, yaani kitu kinachofanana na saratani, akiamini kwamba hauna madhara. Mwaka 1929 alieleza mwenyewe kwamba unaweza kuwa saratani kamili na kusambaa. Uvimbe mdogo wa puru kwa kawaida hukua polepole, lakini haustahili kupuuzwa.

Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi hakuna dalili yoyote, na uvimbe huonekana kwa bahati mtu anapofanyiwa kolonoskopia, yaani kipimo cha kamera ya utumbo mpana, kwa sababu nyingine. Wanaopata dalili hueleza damu kwenye choo, choo kigumu, maumivu, au hisia kwamba haja haijaisha. Dalili hizi hufanana mno na za bawasiri, na hapo ndipo wengi wanapopotelea, kwa kuwa mtu hujinunulia dawa za kupaka mwezi hadi mwezi bila kupimwa. Damu haimaanishi kwamba una saratani. Inamaanisha kwamba unapaswa kuchunguzwa. Uvimbe huu hukaa mara nyingi kati ya sentimita 5 na 10 kutoka tundu la haja kubwa, hivyo baadhi yake huweza kuguswa kwa kidole cha daktari, uchunguzi ambao wagonjwa wengi huukwepa kwa aibu ingawa huchukua muda mfupi sana.

Uso kuwa mwekundu ghafla pamoja na kuhara, dalili zinazotajwa sana kwa uvimbe wa jamii hii, ni nadra kwa ule wa puru, kwa sababu kwa kawaida hautengenezi serotonini, homoni inayohusishwa na dalili hizo.

Daktari anautambuaje?

Kwenye skrini huonekana kivimbe cha mviringo kisicho na kikonyo, chenye rangi ya manjano iliyofifia, kikiwa kimefunikwa na utando usio na kidonda. Daktari anapokisukuma kwa ncha ya kibano kilichofungwa, hukikuta kigumu, nacho husogea chini ya utando. Sababu ni kwamba uvimbe huu huanzia ndani ya utando na kushuka katika tabaka lililo chini yake, tofauti na kinyama cha kawaida kinachoota juu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tiba yote. Kitanzi cha waya kinachotosha kuondoa kinyama cha kawaida huweza kuukata uvimbe huu katikati na kuacha mzizi wake ndani. Ndiyo maana daktari anayeushuku hafanyi haraka: huupima, huupiga picha, huweka alama mahali ulipo, kisha hupanga njia sahihi ya kuutoa. Kipimo cha ultrasaundi kinachoingizwa kwenye puru huonyesha umefika tabaka gani. Ukizidi sentimita 1, MRI ya nyonga, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, huongezwa ili kuangalia tezi za limfu, na CT, picha ya eksirei inayosomwa kwa kompyuta, hutumika kutazama ini na mapafu. Mahali kilipo, kipimo cha PET chenye galiamu-68, yaani picha inayotumia kemikali yenye mionzi kidogo, husaidia kuonyesha ulikosambaa.

Ripoti ya maabara isomwe vipi?

Tafuta kwanza Ki-67, asilimia ya seli zilizo katika hali ya kugawanyika. Kwa mujibu wa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, chini ya asilimia 3 ni daraja la 1, kati ya 3 na 20 ni la 2, na zaidi ya 20 ni la 3. Saratani ambayo seli zake zimepoteza kabisa umbo lake huhesabiwa kuwa ugonjwa mwingine, mkali zaidi. Kisha angalia ukubwa, iwapo kingo za kipande kilichokatwa ni safi, yaani hazina seli za uvimbe, na iwapo seli zimeingia katika mishipa ya damu au ya limfu.

Hutibiwaje?

Uvimbe usiofikia sentimita 1, ambao haujaingia katika msuli wa puru, huondolewa kwa kamera: huvutwa ndani ya kifuniko na kufungwa kwa mpira kabla ya kukatwa, au huchunwa pamoja na tabaka la chini. Ukizidi sentimita 2, au ukiwa umeingia kwenye msuli au tezi, upasuaji mkubwa wa kuondoa puru pamoja na tezi zake ndio hufikiriwa. Kati ya sentimita 1 na 2 uamuzi ni mgumu, na ni vyema ufanywe na jopo la madaktari.

Ukishafika kwenye ini, zipo sindano za oktreotidi au lanreotidi zinazochomwa kila wiki 4, vidonge vya everolimasi, na lutetiamu-177, dawa ya mionzi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Nilitolewa kinyama, majibu yakasema ni uvimbe huu na kingo si safi. Nifanye nini?

Usikate tamaa, wala usikae nyumbani ukisubiri dalili. Rudi mapema, wakati kovu bado linaonekana, kwa sababu mara nyingi kovu lenyewe huweza kuchunwa kwa kamera bila upasuaji mkubwa. Ukipewa rufaa, omba ripoti ya kolonoskopia, picha zake, na kipande kilichohifadhiwa katika nta maabara, ili mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza seli kwa hadubini, akipime upya. Uvimbe wa daraja la 1 usiofikia sentimita 1, ukitolewa wote na kingo zikawa safi, kwa kawaida hauhitaji ufuatiliaji wa miaka mingi. Ulio mkubwa zaidi au wa daraja la juu huhitaji kamera na MRI kwa ratiba utakayopangiwa.