Paka wa Flow hakuchezeshwa na kompyuta

Kila nikiisifia Flow, filamu ya katuni ya Latvia ya mwaka 2024 kuhusu paka anayekimbia mafuriko, iliyotwaa Oscar Machi 2025, naambiwa: "Hizo siku hizi kompyuta inajitengenezea, mtu anabonyeza tu." Si kweli, na neno hilo linaniuma.

Kompyuta hupiga hesabu za mwanga na vivuli. Lakini paka anapolaza masikio, akasita, mguu mmoja ukining'inia kabla hajarukia mashua, hayo yamepangwa na mtu, mkao baada ya mkao, kwa kuwatazama paka wa kweli. Binti yangu alinishika mkono pale maji yalipopanda. Hofu ile haikutoka kwenye mashine. Programu waliyoitengenezea filamu, Blender, ni ya bure, hata wewe unaweza kuipakua leo. Ingekuwa inajifanyia kazi, mwongozaji Gints Zilbalodis na wenzake wasingehangaika zaidi ya miaka mitano.

Hata sauti zilitafutwa kwa wanyama hai. Kapibara, yule mnyama mpole wa Amerika Kusini, sauti yake halisi ilikuwa nyembamba mno, wakampa ya ndama wa ngamia.