Kura zilizoihama KANU kabla ya 2002

Kila muhula ninapofundisha siasa za uchaguzi, wanafunzi hunieleza kuwa KANU, chama kilichokuwa kikitawala Kenya, iliangushwa na mwaka 2002: Rais Moi alimteua mrithi, Uhuru Kenyatta, vigogo wakachukia, wakahamia upinzani na wafuasi wao. Hayo yalitokea. Lakini mimi huanza kwa kuandika ubaoni namba mbili, 36 na 40. Ndizo asilimia za kura alizopata Moi mwaka 1992 na 1997.

Maana yake, mara zote mbili wengi waliofika kituoni hawakumtaka. Alibaki Ikulu kwa kuwa waliomkataa walitawanyika. Mwaka 1992 wagombea wa upinzani Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga walizoa zaidi ya asilimia 60 wakiwekwa pamoja, ila kila mmoja alikuwa na kapu lake. Sheria ya wakati huo haikudai nusu ya kura zote. Ilitosha kuongoza na kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, sharti lililomfaa mgombea mwenye machifu na wakuu wa wilaya kila pembe ya nchi.

KANU ikauchukua ushindi huo kuwa ni mapenzi ya wananchi. Kosa hili linaniuma, maana chama kilipewa miaka kumi ya onyo na hakikusikia. Kumbukeni mchujo wa 1988, watu walipopanga mlolongo hadharani nyuma ya picha ya mgombea, na kila jicho likiona nani kasimama wapi. Mtu aliyetoka katika hofu hiyo, akakabidhiwa karatasi ya siri mwaka 1992, alikuwa amekwisha kubadilika. Kisha akaendelea kulipa karo ya msingi na ada za hospitali huku akisoma gazetini habari za Goldenberg, kashfa ya mabilioni ya fedha za umma. Chama kikamjibu kwa kauli ile ile ya amani na nyayo, wito wa Moi.

Ndiyo maana siukubali sana uchambuzi unaomlaumu mgombea. Uhuru alipata asilimia 31. Kutoka 40 hadi 31 ni mteremko, si maporomoko. Kilichogeuka kabisa ni upande wa pili: Oktoba 2002, Raila Odinga alisema “Kibaki tosha” pale Uhuru Park, na makapu yakamiminwa katika gunia moja, muungano wa upinzani ulioitwa NARC. Kibaki, aliyekwisha kushindwa mara mbili, akapata asilimia 62. Zaidi ya hayo, kura zilihesabiwa pale pale vituoni, si kusafirishwa usiku kwenda kuhesabiwa kwingine. Wapiga kura walikesha mlangoni wakisubiri matokeo yao.

Mwaka 2007 KANU haikusimamisha mgombea wa urais. Uhuru, akiwa bado mwenyekiti wa chama, alimpigia debe Kibaki.