Saini nyeupe kwenye postikadi za zamani
Wakusanyaji wengi wa postikadi za waigizaji wa kike wa London wa miaka ya 1900, akina Lily Elsie na Gabrielle Ray, huamini kuwa saini iliyo chini ya picha ni ya mkono wa mwigizaji, wakailipia bei ya juu. Mara nyingi sivyo, hasa ikiwa nyeupe. Iliandikwa kwa wino mzito kwenye negativu, yaani bamba ambalo nakala zote za picha zilichapwa kutokana nalo. Wino ukazuia mwanga, na picha iliposafishwa maandishi yakatoka meupe, yaleyale, mahali palepale, kwenye kila nakala. Na nakala zilikuwa tele: kampuni ya Rotary Photographic ilizitoa kwa wingi. Inamisha kadi kwenye mwanga: wino halisi hukaa juu ya picha, pengine hata umeng'aa kidogo. Wekundu wa mashavu, huo ndio mara nyingi ulipakwa kwa mkono, ingawa si mkono wa mwigizaji.