Fomu zimesainiwa, sawa, lakini ridhaa je?

"Ridhaa tunayo, wazee wote walisaini." Hii kauli utaisikia karibu kila unapokutana na watu waliotoka kurekodi historia simulizi za jamii za asili, na wanaisema kwa kujiamini kweli, kama mtu anayekuonyesha risiti. Nimeisikia mara nyingi mno, ngoja leo niseme.

Maana yenyewe haina ugumu. Ridhaa ni watu kukubali jambo bila kushurutishwa wala kurubuniwa, kabla kazi haijaanza, huku wakijua unataka nini, nani anakulipa, sauti zao zitakaa wapi na nani ataruhusiwa kuzisikiliza. Kwenye maandishi ya miradi inaitwa ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa, na Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007 limejaa hiyo lugha. Kifungu cha 31 kinasema watu hawa wana haki ya kudhibiti na kulinda urithi wao wa kitamaduni, na mapokeo ya mdomo yametajwa humo humo. Fomu ni ushahidi tu kwamba mlikaa mkaongea, sasa kama hamkuongea vya kutosha hiyo sahihi inathibitisha kwamba kalamu ilikuwa na wino.

Kinachonikera hasa ni kuchanganya msimuliaji na mwenye simulizi. Mtu akikuhadithia maisha yake mwenyewe, alivyosoma, alivyoolewa, alivyohamishwa, hayo ni yake na anaweza kukupa. Lakini sehemu kubwa ya kinachorekodiwa kwenye hizi jamii si cha mtu mmoja. Chukua Wagitxsan wa British Columbia kule Kanada: wana historia rasmi zinaitwa adaawk, na kila adaawk ni mali ya nyumba fulani ya ukoo, inasimuliwa kwenye karamu mbele ya nyumba nyingine ambazo kazi yao ni kushuhudia. Ni historia hizi walizozipeleka mahakamani kudai ardhi yao, na 1997 kwenye kesi ya Delgamuukw Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema simulizi za mdomo zipewe uzito unaostahili kama ushahidi. Sasa wewe umfuate mzee mmoja sebuleni kwake, mpole, mkarimu, anakuhadithia na anakusainia. Umepata ridhaa ya nani hapo? Mzee amekubali kuongea na wewe, nyumba haijaulizwa.

Na hili limeshaleta ugomvi kweli, ingawa si kwenye simulizi bali kwenye jeni. 2010 wanasayansi walichapisha jenomu, yaani ramani za jeni, za watu wanne wa Namibia wa jamii ya Wasan, watu wa asili wa kusini mwa Afrika, kila mmoja aliombwa ridhaa kivyake, na viongozi wa Wasan wakalalamika kwamba jamii haikushirikishwa wakati yaliyoandikwa yanawahusu wote. Miaka saba baadaye, 2017, Wasan wa Afrika Kusini wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, na ukizisoma utaona hawajakataa watafiti, wanasema pitieni mlangoni, kuna utaratibu. Wengi wanauona huo utaratibu ni urasimu wa kuwachelewesha. Mimi naona ndiyo ridhaa yenyewe hiyo, hapo ndipo inapotolewa.

Kosa la pili, na hili naona halizungumzwi sana, ni kudhani ridhaa ikishatolewa imetolewa milele na kwa matumizi yote. Mzee alikubali urekodi, hakukubali klipu yake iwekwe mtandaoni na muziki wa nyuma. Wanavajo wa Marekani kwa desturi wana hadithi za Koyoti, mnyama wa jamii ya mbweha, ambazo husimuliwa majira ya baridi tu, ukiipakia mahali mtu anaweza kuibonyeza mwezi wa saba, kwao ni kiangazi, umeshavunja sharti hata kama kila ukurasa wa fomu una sahihi. Ndiyo maana Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, walishirikiana na watafiti kutengeneza Mukurtu, mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu ambao jamii yenyewe inapanga nani aone nini, kwa ukoo, kwa jinsia, na picha za marehemu zinashughulikiwa inavyotakiwa.

Na kuna haki ya kufuta, hii ndiyo watu wa maktaba hawapendi kuisikia. Watu wa asili wa Kanada waliopelekwa shule za bweni walitoa ushuhuda wa mateso waliyofanyiwa huko ili walipwe fidia, madai zaidi ya 38,000, wakaahidiwa usiri. Baadaye serikali ikasema hizo ni nyaraka zake na zitunzwe. 2017 Mahakama ya Juu ikaamua zikae miaka 15 kisha ziharibiwe, isipokuwa za yule ambaye mwenyewe atasema zangu zihifadhiwe. Mwanahistoria ndani yangu inamuuma, sidanganyi, maana kinachopotea hapo hakirudi. Lakini walisema yale kwa masharti, na masharti ndiyo yaliyowafanya waseme.

Kwa hiyo kama mnachomaanisha ni kwamba fomu zimesainiwa, semeni fomu zimesainiwa, hakuna atakayewacheka. Neno ridhaa liacheni kwanza mpaka mjue hii simulizi ni ya nani mbali na huyu aliyeisema, nakala ya rekodi imebaki kijijini au imeondoka yote na ninyi, na mzee akibadili mawazo mwaka kesho, mradi umeisha na laini zenu hazipatikani, atampigia nani.